Maswali ya wasomaji: pua, baiskeli na ile nchi ndogo

Jamani asanteni kwa meseji. Toleo lililopita niligusia kidogo tu riwaya ya Petit Pays, yaani Nchi Ndogo, riwaya ya kwanza ya Gaël Faye, ile ya mtoto wa Bujumbura anaitwa Gabriel, kwao wanamuita Gaby, baba Mfaransa mama mkimbizi wa Rwanda, anakula maembe na wenzake mtaani Kinanira mpaka mwaka 1993 vita inawakuta pale pale, na sikutegemea kabisa kupata maswali mengi hivi, mengine marefu kuliko safu yenyewe. Mi nimekulia Ujiji kwa hiyo haya mambo sikuyasikia kwa mbali. Maswali nimeyafupisha na majina nimeyatoa kama mlivyoomba. Halafu kama hujamaliza kitabu ujue huku chini nataja mpaka yanayotokea mwishoni.

*Dada habari za kazi. Nimefika nusu ya kitabu na nashindwa kuelewa, hii ni stori ya kweli ya mwandishi mwenyewe au kaitunga? Maana inaonekana kama maisha yake kabisa. (Msomaji, Morogoro)*

Kaitunga, ila kaitunga kwa vitu alivyovijua. Faye kazaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda kweli, na akaondoka kwenda Ufaransa 1995 akiwa na miaka 13, sasa ukiona Gaby naye anaondoka na kupelekwa Ufaransa lazima useme huyu ni yeye. Lakini mwenyewe ameshasema mara nyingi kwamba Gaby sio yeye, na yaliyowapata wazazi wa Gaby sio yaliyowapata wazazi wake. Kabla ya kitabu alikua mtu wa rap, alishafanya kazi za mambo ya fedha London akaacha, na ile albamu yake ya 2013 ina wimbo wenye jina hilo hilo la Petit Pays. Kitabu kikatoka 2016 na mwaka huo huo kikapata Goncourt des lycéens, ambayo ni tuzo wanayoichagua wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa wenyewe, na mimi hilo limenigusa kuliko tuzo yenyewe, kwamba walioketi wakasema hiki ndicho ni vijana waliokua karibu na umri wa Gaby kuliko sisi.

Kilicho kweli ni tarehe. Melchior Ndadaye kweli alishinda uchaguzi wa tarehe 1 Juni 1993, Mhutu wa kwanza kuwa rais wa Burundi na rais wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za vyama vingi, na kweli aliuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo, hata miezi mitano hakumaliza toka achaguliwe. Kweli pia ndege ya tarehe 6 Aprili 1994 iliyodunguliwa Kigali ilikua na marais wawili, Habyarimana wa Rwanda na Ntaryamira wa Burundi, na walikua wanatoka hapa hapa kwetu Dar es Salaam kwenye mkutano wa kutafuta amani. Faye hivi vitu havielezi kama mwalimu wa historia, anavipitisha nyumbani. Siku ya mapinduzi, ile aliyouawa Ndadaye, mtoto anachokijua ni kwamba redio inapiga muziki wa Wagner, mtunzi wa zamani wa Kijerumani, bila mtangazaji, na watu wazima wakisikia tu muziki wa namna ile wanajua nchi imeshachukuliwa. Mi pale nilisimama kusoma kwanza.

*Kuna muvi yake? (Msomaji, Arusha)*

Ipo, ya 2020, kaiongoza Éric Barbier, na imepigwa Rwanda. Nzuri, ila soma kitabu kwanza, maana kwenye muvi unamuona Gaby kwa nje na kwenye kitabu uko ndani ya kichwa chake.

*Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kasulu. Darasani nina watoto waliozaliwa kambini na wengine wazazi wao walishapata uraia. Nimepata nakala ya Kiingereza, natamani tukisome pamoja lakini naogopa kutonesha vidonda. Nifanyeje? (Mwalimu, Kasulu)*

Marahaba mwalimu wangu. Soma nao, na hiyo tafsiri ya Sarah Ardizzone inasomeka vizuri tu kwa vijana wa kidato cha tatu, cha nne. Ila usianzie kwenye maiti.

Anzia kwenye pua. Mwanzoni kabisa mwa kitabu Gaby anamuuliza baba yake, hivi Wahutu na Watutsi wanagombania nini, ni ardhi? Hapana, nchi yao ni moja. Lugha? Lugha moja. Mungu? Huyo huyo mmoja. Sasa kwanini? Na baba yake anamjibu kwamba ni kwa sababu pua zao hazifanani. Basi, mazungumzo yameisha, mtoto kaachwa na hilo. Kuanzia hapo Gaby na mdogo wake Ana wakipita mjini wanaangalia pua za watu na kubahatisha huyu nani yule nani, na shuleni watoto wakiangalia sinema ya Cyrano de Bergerac, yule jamaa wa Kifaransa mwenye pua ndefu, mmoja anasema huyo Mtutsi huyo. Mwalimu, hapo hata risasi moja haijalia. Watoto wako wataliona hilo wenyewe bila wewe kuwaambia, maana kila shule ina pua zake, huku kwetu ni kabila fulani wachawi, kabila fulani wezi, tunasema tunacheka na watoto wapo wanatusikia.

Halafu nenda kwenye baiskeli. Kwangu mimi hii ndo sehemu bora ya kitabu kizima na huwa naona watu hawaisemi wanakimbilia kwenye vita. Gaby alikua na BMX, zawadi kutoka kwa baba yake, ikaibiwa na kijana aliyekua anafanya kazi pale kwao, ikauzwa, ikahama mikono, na wakaenda kuitafuta mpaka vijijini huko, Gaby pamoja na Donatien ambaye ni msimamizi wa kazi za baba yake, mtu wa Zaire, na Innocent dereva. Wakaikuta kwa familia ya wakulima maskini kabisa, wamemnunulia mtoto wao kwa hela yao, hawajui hata kama ni ya wizi. Wakaichukua. Yule mtoto kabaki hana kitu na waliolipa hela hawarudishiwi hela. Kurudi sasa, Donatien hana raha, anaona tumewatendea vibaya wale watu, Innocent anaona upuuzi, kitu chetu tumechukua kitu chetu, na Gaby yuko kati yao wawili ana baiskeli yake ileee na furaha hana. Hebu wasomee hapo halafu uwaulize, wewe ungeichukua? Nakuhakikishia kipindi hakitawatosha.

Kwanini nasisitiza hapo? Kwa sababu tukisema mtoto kapoteza utoto wake tunaongea kama vile utoto ule ulikua wa wote. Gaby alikua na bustani, mpishi, dereva, mtaa wenye geti, na kombi bovu la Volkswagen ambalo yeye na wenzake walilifanya kijiwe chao, wanakaa humo wanagawana maembe waliyoyaiba kwa majirani. Yule mtoto wa kijijini alikua na baiskeli kwa siku chache. Faye alipenda ile Bujumbura kweli, inaonekana kila ukurasa, lakini hakutaka kudanganya kwamba ilikua nzuri kwa kila mtu, na kwangu hilo ndo linafanya niamini na yale mengine yote anayoyasema.

Kuhusu vidonda. Kurasa za baada ya Aprili 1994 na ile ya mtu anayechomwa ndani ya teksi karibu na mwisho usiwasomee kwa sauti mbele ya darasa, waache wasome wenyewe, anayetaka kuruka aruke na asiulizwe. Na tafadhali mwalimu, mtoto yeyote asiambiwe atueleze kwao walikua upande gani, hata akionekana yuko tayari kusema. Wakikuuliza kama kuna watu waliokataa kutenganishwa, waambie wapo, na hili sio la kwenye riwaya: seminari ya Buta, mkoa wa Bururi huko Burundi, tarehe 30 Aprili 1997, waliovamia waliwaamuru wanafunzi wajitenge Wahutu huku Watutsi kule, wakakataa, wakabaki pamoja, na wanafunzi 40 wakauawa. Umri wao ni kama wa hao unaowafundisha.

*Dada umeniudhi. Umeandika kana kwamba Burundi imeanza kufa 1993. Wazazi wangu walikimbia 1972, mimi nimezaliwa Ulyankulu, babu yangu alikua mwalimu na alichukuliwa asirudi. Hicho kitabu ni cha nyumba ya Kitutsi, kinawalilia watu wao. Sisi nani atatulilia? (Msomaji, Tabora)*

Kaka yangu, nimekosa na naomba radhi. Toleo lililopita niliandika mwaka 1993 kama mwanzo na sio mwanzo. Wenzangu ambao hamjui, mwisho wa Aprili 1972 kulitokea uasi wa Wahutu kule kusini upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, Watutsi wengi wakauawa, na serikali ya rais Micombero ikajibu kwa kuwakamata na kuwaua Wahutu nchi nzima kwa miezi, na waliotafutwa kwanza walikua ni waliosoma, walimu, makarani, wanafunzi wa chuo na hata wa sekondari, walikua wanaitwa majina wanapandishwa kwenye malori. Makadirio ni kuanzia watu laki moja mpaka laki tatu. Warundi wenyewe wanaita ikiza, yaani lile balaa. Ndo walipokuja kina baba yako, kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba, Mishamo, wakafyeka pori wakalima, na wengi wakaja kupata uraia wa Tanzania, zaidi ya watu laki moja na sitini elfu. Kwa hiyo babu yako mwalimu hakuchukuliwa licha ya ualimu wake, alichukuliwa kwa ajili ya huo ualimu, na inauma hata kuandika.

Ila kuhusu kitabu nakuomba unisikilize kidogo. Ni kweli tunaona kutoka nyumba moja, ya mama Mtutsi wa Rwanda, na mtoto wa miaka kumi na kitu hawezi kuona zaidi ya geti lao. Lakini angalia karibu na mwisho ni nani wanamuua nani. Baba yake Armand, rafiki wa Gaby, ameuawa, na wale vijana wa mtaa wanamkamata Mhutu mmoja wanasema ndo muuaji, wamemfungia kwenye teksi, wameimwagia petroli, na wanampa Gaby kiberiti cha gesi wanamlazimisha. Gaby, yule yule wa maembe. Na anakirusha. Kaka, mwandishi anayetaka kuwasafisha watu wake hampi mtoto wake mpendwa kile kiberiti, angeweza kumpa mtu mwingine yeyote pale mtaani na kitabu kingeenda tu. Miaka ile kweli Bujumbura ilikua na magenge ya vijana wa Kitutsi, Sans Échec wakiwemo, na siku za "mji umekufa" ambazo ukitoka nje umejitakia, na Faye hajawaficha.

Swali lako la mwisho silijibu kwa maneno matamu. Riwaya ya babu yako haijaandikwa na ingetakiwa iwepo, na ikiwepo haitaondoa hata mstari mmoja kwenye hii.

*Dada shikamoo. Nilizaliwa Mtabila, tulirudi Burundi kambi ilipofungwa 2012, sasa nipo Dar nafanya biashara ndogo. Mama yangu hajawahi kunisimulia kitu, nikimuuliza anaanza kuosha vyombo. Nilivyosoma mama yake Gaby nililia usiku kucha. Nimpe mama hiki kitabu? Nimlazimishe aongee? (Msomaji, Dar es Salaam)*

Marahaba mdogo wangu. Meseji yako nimeisoma mara nyingi.

Wasiosoma: mama yake Gaby anaitwa Yvonne, alikimbia Rwanda akiwa mtoto mdogo. Baada ya mauaji ya kimbari anaingia Rwanda kuwatafuta ndugu, na kwa ndugu yake Kigali anakuta watoto wa huyo ndugu wameuawa humo ndani ya nyumba, anawazika, anasugua sakafu, na madoa hayatoki. Anarudi Bujumbura ila kiakili hayupo tena. Usiku anaenda kumuamsha Ana, mtoto mdogo kabisa, anamsimulia yale madoa, kila usiku, na Gaby anasikia. Kwa hiyo umeona, mama wa kwenye kitabu aliongea, na yalimtoka bila kipimo kwa mtoto ambaye hakua na pa kuyaweka. Mama yako anapokimbilia vyombo huenda anaogopa hilo hilo. Sisemi anafanya vizuri, nasema huenda anakukinga.

Ngoja nikwambie na la kwangu. 1994 nilikua darasa la nne, na wakati ule watu wa Burundi walikua wanaingia Kigoma kwa maboti na kwa njia ya Manyovu, na darasani kwetu akaletwa msichana mmoja akakaa dawati langu. Kiswahili alikua nacho kizuri tu. Kila gari likisimama nje ya shule, hata la maji, alikua anafunga madaftari yake, anaweka kwenye mfuko, anavaa kandambili zake vizuri, anakaa ameukumbatia ule mfuko mpaka gari liondoke, halafu anatoa daftari anaendelea kuandika. Kila siku. Siku moja mwalimu alimchapa kwa hilo, akaona ni utovu wa nidhamu. Na mimi niliyekaa naye bega kwa bega miezi yote ile sikumuuliza hata mara moja kwanini, na nyumbani nilivyosema bibi aliniambia usimuulize mtoto wa watu mambo hayo. Akaja kuondoka, mpaka leo sijui alipo. Kitabu hiki kilinirudishia ule mfuko.

Sasa wewe. Kitabu usimpe, kwa sasa. Na usimlazimishe. Ila usikae kimya na wewe, maana nyie wawili mkinyamaza anajua unajua na wewe unajua anajua. Mimi ningemuuliza mambo ya kabla. Mlikua mnapika nini sikukuu? Ndagala mlizipika vipi? Rafiki yako shuleni alikua nani? Kaa naye hapo hapo kwenye vyombo, wewe suuza. Akifika mahali akaacha, mwache. Na kama kuna siku usiku analia au halali, hapo tafuta mtu wa afya ya akili hospitalini, hilo usilibebe peke yako.

*Habari dada. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, sasa naishi Mwanza nafundisha watu udereva. Nataka kuandika riwaya ya Kiswahili kuhusu mtaa wetu nilivyouona utotoni. Kila nikianza inakua kama taarifa ya habari. Nitaandikaje kama mtoto? (Msomaji, Mwanza)*

Mtu wa Buyenzi! Nimefurahi mno, maana mtaa wenu watu hawaujui. Kwa wasomaji wengine, Buyenzi ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, misikiti, magereji, watu wa Burundi na Kongo na waliotoka huku kwetu Ujiji zamani wamechanganyika, lugha ya barabarani ni Kiswahili, na kwa muda mrefu ilikua Mhutu na Mtutsi wanaishi ukuta mmoja pale, mpaka 1995 damu ikamwagika na kwenu pia. Gaby anakaa Kinanira, wewe una mji ule ule kutoka upande ambao yeye hakuuona.

Taarifa ya habari inaingia kwa sababu unaandika unachokijua sasahivi. Toa kila kitu ambacho mtoto wa miaka tisa hakukijua siku ile, majina ya vyama, idadi ya waliokufa, nani alimuagiza nani. Bakiza alichokiona kwa kimo chake. Duka lililofungwa mchana, fundi wa gereji ambaye leo hajaja na hakuna anayemtaja, mama anayepunguza redio mtoto akiingia. Faye alifanya hivyo na ndo maana ule muziki wa redio unatisha.

Lingine, usimfanye mtoto wako malaika. Mpe baiskeli yake, maana yangu mpe kitu alichomfanyia mwenzake ambacho hakimpi usingizi. Unacho, kila mtu aliyekua mtoto mahali kama pale anacho, na pengine ndo hicho kinachokukwamisha unaishia kuandika kama mtangazaji.

Na Kiswahili andika cha Buyenzi, cha kwenu, na Kirundi chake na Kifaransa chake humo humo, usikisafishe kiwe cha Dar ili utufurahishe sisi. Neno tusilolijua tutalielewa kwa mtu anayelisema. Andika kurasa kumi tu za mwanzo, za siku moja ya kawaida kabla ya kila kitu, halafu nitumie. Nitazisoma zote.